Mahari ya CAN 2023

Nyamitaba, tarehe 16 mwezi wa saba 2023

Mutoto wa kaka yangu, Dusabimana,

Nakusalimia mimi shangazi yako Libérata, ningali muzima ku mulima wetu. Maharagi yameiva vizuri, viazi vimepata ugonjwa wa majani, na ile kuku nyeupe imeangua. Masasi ya bunduki tunayasikia upande wa Kitshanga, lakini mbali, kama muntu anapasua kuni ku kijiji kingine. Antena ya simu walikwisha kuiharibu. Kwa hiyo uache kupiga, uandike, umupe Mumbere wa moto. Yeye na ile pikipiki yake anapita kila mahali, juu ya kuwa hakuzaliwa na woga.

Sasa neno lenyewe. Jana Karangwa alikuja hapa bila kualikwa. Akakaa, akakunywa maziwa, akauliza kama bati zangu zinavuja. Nikajua mara moja kuna jambo. Muntu haulizi bati za mwenzake mu kiangazi.

Nyuma akasema: "Mama Libérata, siku mulipokuja kuposa binti yangu Umugwaneza, kijana wenu alisimama mbele ya wazee na kuapa. Alisema ng'ombe nne za mahari zitafika mbele CAN 2023 haijaisha. Mimi si muntu wa mupira. Lakini nimeuliza, wakaniambia hilo kombe la Afrika lilipangwa mwezi wa sita na wa saba. Leo ni mwezi wa saba. Ng'ombe ziko wapi?"

Nikamuambia tatu ziko hapa kwangu, anazisikia mwenyewe zinavyotafuna, na ya ine unaitafuta huko Walikale. Akasema binti yake hakuposwa kwa ng'ombe tatu na neno.

Umugwaneza anakungoja bila kununa. Lakini kuna kijana Guylain, wa Masisi-centre, mwenye moto mupya na meno mengi, na kila siku ya Mungu, Jumapili, anakuja kusali hapa kwetu. Kwao makanisa hayakosekani. Nijibu upesi.

Shangazi yako,
Libérata


Walikale, tarehe 6 mwezi wa nane 2023

Shangazi yangu mupendwa,

Nimefurahi kusikia uko muzima, na pole ya viazi. Hapa ni pori, matope na kelele. Ukumbi wangu wa video unasimama imara. Groupe ya umeme inakohoa lakini inaamka, na parabole, ile sahani ya ku paa, inashika hata mechi za Wazungu. Kasika, yule mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka ng'ambo ya barabara, anaitazama parabole yangu namna muntu anatazama shamba la jirani lenye mbolea.

Kuhusu Karangwa, umuambie asitokwe na jasho. CAN 2023 haijaisha, juu haijaanza! Waliisogeza mpaka mwezi wa kwanza wa 2024. Inachezewa Côte d'Ivoire, na huko mwezi wa sita mvua inaharibu viwanja. Lakini shangazi, sikia vizuri: tarehe njo ilisogea, jina halikusogea. Wakubwa wa mupira wenyewe wanaiita CAN 2023. Mimi niliapa kwa CAN 2023, sikuapa kwa kalenda ya ukutani. Kwa hiyo sijachelewa. Niko mbele ya wakati.

Na ng'ombe ya ine itatoka ku hiyo hiyo CAN. Watu watajaa mu ukumbi mpaka ku madirisha. Hivyo njo nilihesabu siku nilipoapa.

Zangu tatu ziko namna gani? Ile yenye bato jeupe inakula?

Wako,
Dusabimana


Nyamitaba, tarehe 24 mwezi wa tisa 2023

Dusabimana mwanangu,

Tunamushukuru Mungu, tunapumua. Bato Jeupe anakula mpaka majani ya jirani, na nimekwisha kuomba radhi mara mbili.

Barua yako nilimusomea Karangwa nyuma ya misa, mbele ya katekista na wazee. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Mvua? Wanaume wazima wamekimbia mvua? Hapa kwetu inanyesha miezi tisa na hakuna kitu tunasogeza, hata mazishi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, juu niko upande wako.

Akaendelea: "Mutoto akitazamiwa mwezi wa kumi na mbili, akazaliwa mwezi wa kwanza, ku ubatizo mutaandika mwaka gani? Mupira utakaochezwa 2024 ni CAN 2024. Na kama ni 2024, basi ile ya 2023 haikuwako, na ahadi ya kijana wenu itakufa siku mwaka huu utakapokufa."

Nikasimama. Nikamuuliza: "Na mutoto aliyepewa jina la Noëla, akichelewa akazaliwa Pasaka, utamunyang'anya jina?" Hapo katekista akapiga makofi, nyuma akakumbuka yeye ni muamuzi. Nikaongeza kwamba hata CAN ya 2021 ilichezwa 2022 na hakuna aliyekufa. Hilo hukuliandika wewe, nililiokota ku redio.

Katekista akasema kesi ni nzito, atafikiri. Basi sasa kila siku ya Mungu tuko pale. Watu wanabaki nyuma ya misa kuliko zamani, padri anadhani ni juu ya mahubiri yake.

Ujue kitu kimoja: Guylain naye anabaki kusikiliza. Baba yake amekwisha kutuma neno kwa Karangwa. Mwaka ukikufa kabla ng'ombe zako hazijafika, wao watakuja na zao.

Shangazi yako,
Libérata


Walikale, tarehe 29 mwezi wa kumi 2023

Shangazi,

Nakuamkia wewe na wote wa nyumba. Mimi mwili ni muzima, ni moyo njo unachemka.

Nimeandika ku ukuta wa ukumbi, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HAPA CAN 2023. Sikia kilichonipata. Watu wanapita, wanasoma, wanatikisa vichwa. Mama mumoja akaniuliza: "Papa, unataka kutuonyesha mechi za zamani?" Nikamueleza tarehe na jina. Akasema: "Kumbe. Basi mutoto wangu akuje kutazama mwaka uliopita," akaenda zake.

Na Kasika, ng'ambo ya barabara, ameleta mashati kutoka Butembo, na kifuani imeandikwa CAN 2024! Nikavuka. Nikamuambia: "Kasika, umedanganya umma. Hakuna CAN inayoitwa hivyo."

Hata hakuinua kichwa. "Nimeandika mwaka ambao watu watalivaa. Nani atanunua shati ya mwaka uliokufa?"

"Lakini si kweli!"

"Ni kweli mpaka linapauka," akasema.

Shangazi, muntu wa biashara hana dini ya tarehe. Mashati yanakwisha kama mikate. Omba yasifike huko.

Ng'ombe zangu ziko namna gani? Mwezi huu hukuniambia.

Dusabimana


Nyamitaba, tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2023

Mwanangu,

Tuko. Barua yangu imechelewa, usiulize. Mumbere alikaa wiki nyingi bila kupita, na yeye si muntu wa kukaa.

Shati limefika. Guylain alilivaa siku ya Mungu, akakaa benchi ya kwanza, kifua mbele. CAN 2024, rangi ya bendera, kubwa kama sahani. Wakati wa kupeana amani alimugeukia kila muntu ili kila muntu asome. Nyuma ya misa Karangwa akasema: "Ona, hata kiwanda kinakubaliana nami." Nikasema kiwanda si Injili. Katekista akasema atafikiri tena.

Karangwa sasa anakuja hata siku za kazi. Juzi alitembea mu mvua kubwa, akafika amelowa mpaka mifupa, ili aniambie tu kwamba muntu akichelewa treni hawezi kuipanda kesho yake na kuiita ya jana. Nikamuuliza treni aliiona wapi. Tukabishana mpaka viazi vikaungua.

Kuhusu ng'ombe, maharagi ni mazuri sana mwaka huu.

Utakuja Noeli? Umugwaneza ameuliza. Anauliza kama muntu ambaye haulizi, akifagia.

Shangazi yako,
Libérata


Walikale, tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2023

Shangazi mupendwa,

Noeli njema kwako. Sikuja juu ya barabara. Maandishi yangu yamepinda juu naandika nikiwa nimelala, na nimelala juu nimechoka.

Kuna muntu alikuja usiku akageuza 3 yangu ya ukutani kuwa 4. Nimeirudisha. Sasa ni 3. Zaidi ya hapo hakuna habari ya mwili wangu.

Mwaka unakufa siku ya Mungu. Umuambie Karangwa kwamba nimeshikilia neno langu, na umuambie Umugwaneza, umuambie tu. Utajua maneno.

Shangazi, mimi niliuliza ng'ombe. Wewe umenijibu maharagi.

Dusabimana


Masisi-centre, tarehe 30 mwezi wa kwanza 2024

Mutoto wangu,

Nakuandikia kutoka masomo, ile shule ya Masisi-centre, mu darasa la tatu, tunalala humo. Usishituke. Wote mu familia tumefika na miguu yetu. Masasi yalishuka mpaka ku Nyamitaba, tukabeba tulichoweza. Mimi nilibeba sufuria na ile kuku nyeupe. Simu yangu ilianguka njiani. Karangwa alibeba kiti. Muulize mwenyewe juu ya nini kiti.

Mumbere ameniambia umevunjika muguu. Kumbe ulichoka kutoka ku ngazi, ukiwa unaandika ile 3! Sikucheka mbele yake.

Sasa sikia mambo mengine. Siku ya Bonane, mwaka mupya, baba ya Guylain alikuja na wajumbe wake kwa Karangwa. Akasema: "Mwaka umekwisha, kijana wa Walikale hakuonekana. Tupokee sisi." Karangwa akajibu: "Kesi ya mwaka ingali mbele ya katekista. Siwezi kula mara mbili mu sahani moja." Wakarudi na pombe yao.

Na Umugwaneza, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akatoka jikoni na mwiko mukononi. Akasema mbele ya wote: "Papa, 2023 ao 2024 ni yenu. Mimi si CAN. Mimi sisogezwi, wala sichezewi na mwingine." Akarudi jikoni. Mbingu imupe miaka mingi.

Kuhusu mupira, tumesikiliza hapa ku redio ya mulinzi. Tumetoka sare, sare, sare, tukapita bila kushinda muntu na bila kushindwa, kama wazee wa baraza. Nyuma ikaja Misri na penalti. Penalti hazikuisha! Wakati mulinda goli wetu mwenyewe alipoifunga ya mwisho, Karangwa, ambaye si muntu wa mupira, alinikumbatia mbele ya darasa zima. Akakumbuka, akaniacha, akasema: "Lakini ni 2024."

Anakuja kwako. Yeye na Umugwaneza wanapita njia ya Nyabiondo, juu ndugu yake anaishi Walikale. Mimi ninabaki kidogo, jirani yetu mu darasa amejifungua na hana mama. Mumbere hana mafuta, kwa hiyo barua hii ninaitia mu mukono wa Karangwa mwenyewe. Nimeifunga na bugali ikauke.

Nimeifunga sana juu ya hili: ng'ombe zako hakuna. Walizichukua mwezi wa kumi, mchana, watu wenye bunduki. Wa upande gani, sikuuliza na hawakusema. Nilisimama nimeshika kamba tupu. Sikukuambia juu ningekuambia nini? Karangwa hajui. Kila alipokuja nilimuanzishia mabishano ya mwaka, asipate nafasi ya kuangalia zizi.

Fainali ni tarehe 11. Mbele ya hapo ahadi yako ingali na pumzi. Tafuta ng'ombe, mwanangu, hata kama ni moja, hata kama ni pori. Na usimuambie.

Shangazi yako,
Libérata


Walikale, tarehe 18 mwezi wa pili 2024

Shangazi yangu,

Nakuandikia nimekaa, si kulala. Plasta ingali ku muguu, lakini gongo limenizoea. Mama mwenye mutoto anaendelea namna gani? Na wewe unakula?

Walifika tarehe 4, wamechafuka mpaka nywele. Umugwaneza aliangalia plasta yangu, akaangalia ukuta, akaangalia tena plasta. "Njo hii 3?" Nikasema njo hii. Akasema imeandikwa vizuri. Shangazi, ningeanguka tena.

Karangwa akanipa barua yako kwa mikono miwili, bugali haijapasuka, akakaa ku kiti chake karibu yangu wakati niliisoma. Nilifika pale pa ng'ombe. Uso wangu sijui nilipoupeleka. Akauliza: "Shangazi anasema nini?" Nikasema: "Maharagi ni mazuri."

Sasa, ng'ombe mu Walikale! Hapa watoto wanajua nyani, hawajui ng'ombe. Lakini Kasika alikuwa ameleta chache kwa miguu kutoka Masisi za kuchinja, na kati yao ilibaki mutamba moja, nyekundu, macho ya bibi harusi. Nikavuka na gongo.

"Kasika, nipe ule mutamba."

"Nipe parabole," akasema, bila kufikiri hata kidogo. "Na groupe. Na uvilete mbele ya nusu-fainali."

Nilisimama pale. Nilikuwa nimengoja CAN hii miaka miwili, nimeipakia rangi, nimeivunjia muguu, na Congo iko mu nusu-fainali. Nikamuambia achukue.

Watu walinitazama kama nimeuza kanisa. Nusu-fainali niliitazama mu duka la Kasika, nimesimama nyuma, kati ya mashati ya CAN 2024. Wakati wa wimbo wa taifa vijana wetu walifunika midomo kwa mukono mumoja, na kwa mukono wa pili wakaweka vidole ku kichwa kama bunduki. Ni juu yetu, shangazi, sisi wa huku tunaokufa na hakuna anayesema. Umugwaneza alikuwa ku mulango, akalia bila kujificha. Nyuma tukafungwa moja, tukarudi nyumbani.

Jumamosi tarehe 10, siku moja mbele ya fainali, nikaukokota mutamba mpaka kwa ndugu ya Karangwa, gongo kwapani, kamba mukononi. Njiani uliingia mu meza ya majani ya sombe ya mama mumoja, watoto wakakimbia wakilia. Karangwa akatoka. Akaangalia meno, mugongo, kwato. Akazunguka.

"Moja," akasema.

"Moja, Papa. Na zile tatu..." Nikafungua kinywa kudanganya kama ulivyoniagiza. Akainua mukono.

"Zile tatu usizungumuze. Niliziona. Nilikuwa mu shamba langu ile mchana, zilipita bondeni na wale watu, yenye bato jeupe mbele. Nilijua hata kabla shangazi yako hajarudi mu nyumba."

Nikabaki nimeshika kamba.

"Kijana," akasema, "kama ningekubali ni 2023, kesi ingekwisha na kila muntu angeuliza: basi lete ng'ombe, ziko wapi? Na wewe huna. Kama shangazi yako angekubali ni 2024, ahadi ingekufa, na Guylain angeingia na shati lake. Binti yangu hamutaki Guylain. Nifanye nini? Muntu mwenye kesi haulizwi jibu. Nikabisha. Nilibisha mu mvua. Mimi najua nini juu ya mupira?"

Nikamuuliza zile tatu zitalipwa namna gani.

"Zilinyang'anywa zikiwa njiani kuja kwangu. Nilizipokea kwa macho. Hii ni ya ine." Akaifunga ku mutini.

Nikaona ni wakati wa kushukuru, na mimi nikaharibu. Nikasema: "Kwa hiyo Papa unakubali ilikuwa CAN 2023?"

"Nani amesema hivyo?" akajibu. "Ni 2024. Nimekusamehe tu kuchelewa."

Harusi ingekuwa juma hili, lakini Kwaresima imeingia na padri amesema tungoje Pasaka. Umugwaneza alitaka kwenda kuzungumuza na padri, nikamushika nguo. Itakuwa Jumatatu ya Pasaka. Ukumbi hauna parabole wala groupe, umebaki mabenchi, njo tutakalia.

Kuja, shangazi. Nani atasimama upande wangu?

Dusabimana wako


Masisi-centre, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Mwanangu Dusabimana,

Mama na mutoto wamepata nguvu, ni musichana, analia kwa sauti ya muntu muzima. Kuku nyeupe tuliikula siku ya ubatizo wake. Mulima wetu sijauona tena, na anayetoka huko anasema nyumba ingali na bati. Inatosha kwa sasa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini. Nikaisoma tena.

Miezi ile yote nilikuwa nikimuona anapanda njia yetu, ninasema mu moyo: Libérata, anza neno la mwaka haraka, muzee huyu asigeuke upande wa zizi. Na yeye anapanda akisema mu moyo wake: anza neno la mwaka haraka, mama huyu asione haya ya zizi. Siku ile ya mvua alikaa ametoa mugongo kwa zizi tupu tangu alipofika mpaka alipoondoka. Nilidhani ni baridi, nikamusogezea moto.

Natoka kesho na wamama watatu wanaokwenda Kashebere, na kutoka huko nitapata moto ya kunibeba. Pasaka itanikuta kwenu. Niwekee benchi ya mbele, upande wako.

Na Karangwa umusalimie sana. Umuambie asante, nitamuambia mwenyewe iliyobaki. Umuambie pia kwamba katekista alikimbilia hapa hapa Masisi, nimemukuta, na bado anafikiri. Mimi ningali nasema 2023, nakuja kumuambia usoni, na aniwekee mahali karibu ya kile kiti chake.

Shangazi yako,
Libérata